Mezani kwa Karani: Ugonjwa wa Askari Wataka Ushahidi

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo lililokaa katika nyumba nyingi za Kericho na Bomet bila ya kusemwa. Ni habari ya mtu aliyekwenda jeshini akiwa mzima, akarudi na ugonjwa, na kisha akaambiwa: "Thibitisha kwamba ugonjwa huu umetoka jeshini."

Neno hilo "thibitisha" ni fupi kulitamka, lakini ni refu kulitimiza. Nimeona wazee waliosimama imara mbele ya risasi wakilegea mbele yake. Nami nakiri tangu mwanzo kwamba nimewahi kumponza mzee mmoja kwa kutolijua vema. Nitasimulia kosa langu ili wengine wasilirudie.

Mzee huyo alikuja kwangu mwaka 2018. Aliingia jeshini mwaka 1979 na kutoka mwaka 1999, na kwa miaka mingi katika hiyo ishirini alikuwa mwalimu wa kulenga shabaha. Alipostaafu alifanya kazi katika kiwanda cha chai kwa miaka tisa, kisha akarudi kwenye shamba lake dogo la chai. Masikio yake yalikuwa yamekwisha kabisa. Ilinibidi niandike maswali yangu juu ya karatasi, naye anijibu kwa mdomo. Lakini kwa kuwa hakujua ukubwa wa sauti yake, ofisi nzima ilisikia majibu yake yote, hata yale ambayo mtu angependa yabaki baina ya watu wawili.

"Mwanangu," alisema, "nilipokwenda nilikuwa nikisikia ndege wakilia alfajiri. Niliporudi, mama watoto aliniita, nikadhani amenyamaza. Siku hizi lori la majani mabichi linapiga honi pale kituoni, mimi sisikii. Majani yangu yanabaki, yanaharibika. Sasa wanataka niwathibitishie nini?"

Zaidi ya masikio alikuwa na maumivu ya mgongo. Alisema alianguka kutoka juu ya lori la jeshi wakati wa mazoezi, akalala siku nne, kisha akarudi kazini.

Mimi, kwa huruma na kwa ujinga, nilimwandikia barua ya kurasa mbili. Ilikuwa barua nzuri ya Kiswahili fasihi. Nilieleza utii wake, uaminifu wake, miaka yake ishirini ya kulitumikia taifa, na umaskini wa nyumba yake. Hapakuwa na tarehe hata moja ndani yake, ila ile ya juu ya karatasi. Baada ya miezi kadhaa jibu lilirudi katika mstari mmoja: hakuna uthibitisho wa uhusiano baina ya ugonjwa na utumishi.

Niliona uchungu, nikawalaumu wakubwa. Lakini nilipoisoma tena barua yangu nikaona kwamba walikuwa na haki. Nilikuwa nimethibitisha kwamba mzee ni mtu mwema. Hakuna aliyeuliza hilo.

Tangu siku hiyo nimesoma mengi juu ya jambo hili, na nimejifunza kwamba katika nchi nyingi linasimama juu ya mafiga matatu, kama chungu. Figa la kwanza: mtu awe na ugonjwa sasa, nao uwe umepimwa na kupewa jina na daktari. Figa la pili: liwepo jambo lililomfika katika utumishi, kama ajali, mshindo, chakula kibaya, moshi au mahali penye maradhi. Figa la tatu, ambalo wengi hulisahau: liwepo neno la mtaalamu linalofunga hayo mawili pamoja, likieleza kwa sababu zake kwamba hili limetokana na lile. Chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Barua yangu ya kwanza haikuwa na hata moja.

Huenda msomaji akauliza: daktari atajuaje jambo lililotokea miaka thelathini iliyopita? Hebu tutazame mifano miwili ya kweli kutoka upande wetu huu wa dunia.

Katika miaka ya 1940 na 1941, wakati wa vita na Waitalia, askari wa King's African Rifles waliwekwa kaskazini ya Ziwa Rudolf, ambalo leo twaliita Ziwa Turkana. Wengi wao waliugua kalaazari, ugonjwa unaoenezwa na usubi, ambao huvimbisha wengu, huleta homa isiyokwisha, na humkondesha mtu hata kufa asipotibiwa. Taarifa ya madaktari juu ya mlipuko huo ilichapishwa mwaka 1942. Sasa fikiri: huku Kericho tuko juu, kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kalaazari si ugonjwa wa baridi yetu, bali ni wa nchi kavu zenye joto. Kijana aliyezaliwa huku, ambaye hakuwahi kukaa katika nchi za namna hiyo ila kwa amri ya jeshi, akirudi na kalaazari, hana haja ya maneno mengi. Mahali penyewe pamemtolea ushahidi. Lakini angalieni: mahali hapawezi kutoa ushahidi ikiwa hapakuandikwa popote kwamba mtu huyo alikuwapo.

Mfano wa pili ni wa karibuni zaidi. Kati ya Aprili 2009 na Mei 2010, askari wa Umoja wa Afrika waliokuwa wakilinda amani Mogadishu, Somalia, walianza kuvimba miguu, kukosa pumzi na kuumwa kifua. Waliohesabiwa walikuwa 241, na wasiopungua wanne walikufa. Wengine walisafirishwa kwa ndege hadi hospitali za Kenya na Uganda. Mwanzoni watu walishuku maambukizo, wengine sumu. Wataalamu wa Umoja wa Afrika, wa Shirika la Afya Duniani, wa Marekani na wa hapa Kenya wakakaa pamoja. Walifanya jambo ambalo hata mkulima hulifanya anapotafuta kwa nini mche mmoja umenyauka na mwingine umestawi: waliwalinganisha askari waliougua na wale wasiougua, wakauliza kila mmoja alikula nini. Ikaonekana kwamba waliokula chakula cha kambini peke yake ndio waliokuwa katika hatari zaidi. Ugonjwa ulikuwa beriberi, unaotokana na upungufu wa vitamini B1 mwilini. Wagonjwa walipopewa vitamini hiyo wakapata nafuu, na nafuu ile ikawa ushahidi mwingine.

Mnaona, basi, jinsi uhusiano unavyothibitishwa. Haukuthibitishwa kwa malalamiko, wala kwa kiapo. Ulithibitishwa kwa kuuliza: nani aliugua, nani hakuugua, na ni kitu gani kilichowatenga? Kila askari anayedai anapaswa kujiuliza maswali hayo juu ya mwili wake mwenyewe.

Turudi kwa mzee wangu. Katika jambo la masikio kulikuwa na kikwazo ambacho mimi sikukiona, lakini wale wakubwa walikiona mara moja. Mzee alifanya kazi miaka tisa kiwandani, na kila aliyeingia katika kiwanda cha chai ajua kelele za mashine za kusaga majani. Basi ni nani aliyeyaua masikio, bunduki au mashine? Barua yangu ilikinyamazia kiwanda kabisa, kana kwamba nilitaka kukificha. Huo ulikuwa ujinga wa pili. Jambo linalokudhuru, litaje wewe kwanza na kulieleza. Usipolitaja, atalitaja mwingine, nawe utaonekana mdanganyifu.

Tulimpeleka mzee kwa daktari wa masikio. Alipimwa, na matokeo yakachorwa juu ya chati. Daktari alitueleza jambo ambalo halikunijia akilini. Mtu atumiaye mkono wa kulia huweka kitako cha bunduki begani upande wa kulia na kuinamisha shavu. Sikio la kushoto ndilo linaloelekea kwenye mdomo wa bunduki, na la kulia hujifichaficha nyuma ya kichwa. Kwa hiyo mpigaji bunduki wa siku nyingi mara kwa mara huumia zaidi sikio la kushoto. Lakini kelele za mashine katika chumba hupiga masikio yote mawili karibu sawasawa. Chati ya mzee ilionyesha kushoto kumeharibika zaidi kuliko kulia. Mwili ulikuwa umeweka kumbukumbu miaka yote hiyo, ukingoja mtu wa kuisoma.

Hata hivyo daktari alisema, "Hili peke yake halitoshi. Nipeni karatasi ya kabla ya kiwanda." Mzee akatikisa kichwa, hana. Ndipo mkewe, aliyekuwa ameketi kimya mlangoni na kikapu chake, akauliza ni karatasi gani tunayoitafuta. Tulimweleza. Akasema kwamba nyumbani kuna mkebe wa bati aliowekea kadi za kliniki za watoto, na ndani yake kuna kadi za mzee pia. Kesho yake aliuleta. Kati ya kadi za chanjo tulipata kadi moja ya zahanati ya kambi, ya mwaka 1991, na juu yake maneno machache: masikio yanavuma, kushoto zaidi.

Mwaka 1991 ni miaka minane kabla ya mzee kuingia kiwandani. Mama yule alikuwa ameutunza ushahidi wote ndani ya mkebe, na mimi, karani mwenye cheti, sikuwahi kumwuliza. Wahenga hawakukosea waliposema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa niseme kidogo juu ya swali kubwa zaidi: ni nani anayepaswa kuthibitisha? Je, ni askari aonyeshe kwamba jeshi limemdhuru, au ni serikali ionyeshe kwamba halikumdhuru? Mataifa hayajibu swali hili namna moja.

Uingereza, katikati ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1943, iligeuza sheria yake. Kabla ya hapo mzigo ulimwelemea askari. Baada ya hapo, askari aliyedai upesi baada ya kutoka jeshini hakulazimika kuthibitisha. Serikali ndiyo iliyopaswa kuonyesha, pasipo shaka ya kiakili, kwamba ugonjwa haukuhusiana na utumishi. Miaka hiyo jaji aitwaye Denning alisikiliza rufani nyingi za namna hii. Mwaka 1947, katika shauri la mjane wa askari aliyekufa kwa saratani ya koo la chakula, alipambanua viwango viwili vya ushahidi: kile cha kuondoa shaka yote ya maana, na kile cha kuonyesha tu kwamba jambo laelekea kuwa hivyo kuliko kutokuwa hivyo. Mawakili wanamtaja hata leo. Lakini tangu tarehe 6 Aprili 2005 Uingereza ina mpango mwingine kwa majeraha ya tangu siku hiyo. Humo anayedai ndiye anayeonyesha kwamba jambo laelekea kuwa hivyo, na kwa kawaida hupewa miaka saba ya kudai. Vijana wetu walioingia katika jeshi la Uingereza wakumbuke hesabu hiyo ya miaka saba.

Marekani nayo ina kanuni kwamba ushahidi wa pande mbili ukilingana katika mizani, askari ndiye anayepewa haki. Zaidi ya hayo, kuna magonjwa ambayo sheria yao huyachukua kuwa yametoka jeshini bila ya mtu kuthibitisha chanzo, mradi aonyeshe kwamba alikuwa mahali fulani wakati fulani. Ndivyo walivyofanya mwaka 1991 kwa wale waliokuwa Vietnam, ambako dawa ya kuua majani ilimwagwa juu ya misitu. Mwaka 2022 walifanya hivyo tena kwa wale waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka katika vituo vya jeshi huko Iraq, Afghanistan na kwingineko, na Somalia imo katika orodha hiyo. Vijana wa Kikalenjin wapo katika jeshi la Marekani, wengine wakiwa wakimbiaji wa sifa. Wazazi wao na wawaeleze habari hizi. Lakini tusijidanganye: sheria ile ni ya askari wa Marekani. Askari wa Kenya aliyekaa katika mchanga ule ule wa Somalia haimhusu hata kidogo.

Askari wa zamani wa huku hawakuwa na bahati kama hiyo. Baba na babu zetu waliokwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliopita Bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944 kati ya malaria na homa za utitiri wa majani, na kuufikia mto Chindwin mwezi wa Desemba, walirudi chini ya kanuni za koloni. Malipo yao ya kuagwa yalipimwa kwa rangi ya ngozi, na Mwafrika alipata kidogo kuliko mzungu wa cheo kile kile. Wengi walikufa na homa zao na vifua vyao bila ya mtu yeyote kuwauliza: hili ulilipata wapi?

Hapa Kenya leo, mambo ya pensheni ya wanajeshi yana kanuni zake chini ya Wizara ya Ulinzi, na bodi ya madaktari ndiyo inayopima kiasi cha ulemavu na kutazama kama umetokana na utumishi. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha sheria ya wanajeshi wastaafu, ambayo imeweka msingi wa kuwatambua na kuwasajili. Kuna pia chama cha wanajeshi wa zamani, DEFOCA, ambacho mstaafu aweza kukiendea apate maelezo. Lakini asije mtu akachanganya milango. Ile Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, wanayoitumia wachuma chai na watu wa viwandani, haiwahusu wanajeshi. Mlango wa askari ni mwingine. Mtu mwenye jeraha la kiwanda na jeraha la jeshi ana safari mbili, na kila safari ina karatasi zake.

Je, kama karatasi zimepotea? Tarehe 12 Julai 1973 ghala la kumbukumbu za askari huko St. Louis, Marekani, liliungua, na majalada kati ya milioni 16 na 18 yakateketea. Je, askari wote hao walipoteza haki? La. Ilibidi ushahidi utafutwe kwingine: daftari za vikosi, barua zilizoandikwa nyumbani, na maelezo ya wenzao waliotumika pamoja. Basi hata huku, ikiwa jalada halionekani, mwenzako wa kambi ni jalada. Aandike jina lake, nambari yake ya jeshi, kikosi chenu, mwaka, mahali, na yale aliyoyaona kwa macho yake, si aliyoyasikia. Atie sahihi mbele ya wakili au hakimu. Na mkeo aweza kuandika vile ulivyokuwa kabla ya kwenda na ulivyokuwa uliporudi, kwa maana hakuna aliyekutazama kwa karibu kuliko yeye.

Na kabla ya kusema kwamba jalada halionekani, liombe. Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na kwamba ofisi itoe uamuzi katika siku 21. Asiyejua kuandika anapaswa kusaidiwa na ofisi ile ile, maneno yake yaandikwe, naye apewe nakala. Ni kweli kwamba siri za ulinzi wa nchi hazitolewi, lakini kadi yako ya matibabu si siri ya ulinzi wa nchi. Na ukikataliwa dai lako, kifungu cha 47 cha Katiba hiyo hiyo kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ziombe. Sababu ya kukataliwa ni kama ramani: inakuonyesha figa lipi la chungu chako halipo.

Msidharau daftari dogo. Hospitali za mashamba ya chai ya Kericho ziliandika wagonjwa wao wa malaria mwezi baada ya mwezi. Wataalamu walipotaka kujua kama hali ya hewa ndiyo inayoleta malaria huku juu, walizichukua hesabu za miaka thelathini, tangu 1966 hadi 1995, wakazilinganisha na mvua na joto, na taarifa yao ikachapishwa mwaka 2002. Karani wa dawa aliyeandika mstari mmoja mwaka 1966 hakujua kwamba mstari wake ungesomwa na ulimwengu.

Kuna jeraha moja ambalo ni gumu kuliko yote, nalo ni la akili. Tangu majeshi yetu yaingie Somalia mwezi wa Oktoba 2011, na hasa baada ya El Adde tarehe 15 Januari 2016 na Kulbiyow tarehe 27 Januari 2017, wako vijana waliorudi na miguu yote na mikono yote, lakini hawalali. Wengine huruka wakisikia mlango ukibamizwa. Wengine hunywa hata wakaharibu nyumba. Watu husema amerogwa, au amekuwa mtu mbaya. Yafaa tujue kwamba huu ni ugonjwa unaotambuliwa na madaktari, na waweza kuchelewa kujionyesha kwa miezi au hata kwa miaka. Kijana wa namna hiyo apelekwe hospitali upesi, kwa ajili ya kutibiwa kwanza, na pia kwa ajili ya kuandikwa. Kila mwaka anaouficha kwa aibu ni mwaka ambao baadaye ataulizwa: kama ulikuwa mgonjwa, mbona hukwenda kwa daktari?

Basi nawasihi walio jeshini hata sasa, na wazazi wao. Ukiumia, hata kidogo, usiseme "nitapona tu." Nenda zahanati, hakikisha limeandikwa, na andika mwenyewe katika kijitabu chako tarehe, mahali, na majina ya waliokuwapo. Siku ya kupimwa kabla ya kuachishwa, usijifanye shujaa mbele ya daktari ili uende nyumbani upesi. Kila ulilonalo liseme siku hiyo. Weka nakala za karatasi zako mahali pawili. Na mwambie mkeo au mama yako ziliko.

Nawaonya pia juu ya watu wanaouza ushahidi. Wako watakaokuambia kwamba kwa shilingi kadhaa watakupatia cheti cha daktari cha tarehe ya zamani. Karatasi moja ya uwongo huua karatasi kumi za kweli, na mwenye haki hugeuka mshitakiwa.

Mwisho wa habari ya mzee ni huu. Dai la pili tulilipeleka likiwa kurasa tatu tu: kadi ya mwaka 1991, chati ya masikio, na barua ya daktari iliyokitaja kiwanda waziwazi na kueleza kwa nini kiwanda peke yake hakingeweza kuleta tofauti ile ya kushoto na kulia. Mwaka 2021 jibu lilikuja. Masikio yalikubaliwa kuwa yametokana na utumishi, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko tulivyotumaini.

Mgongo ulikataliwa. Mgongo una baba wengi: mizigo, kuinama kwenye chai, na miaka yenyewe. Hata wachuma chai wa zamani wa Kericho waliopeleka madai yao ya maumivu ya mgongo mpaka mahakama ya Scotland, nao wakaruhusiwa mwaka 2022 kushtaki kwa pamoja, wameona jinsi safari hiyo ilivyo ndefu. Kwa mzee wangu hapakuwa na kadi yoyote ya kuanguka kule. Alikuwapo shahidi mmoja, dereva wa lori lile, mtu wa upande wa Sotik, ambaye mzee alikuwa akikutana naye sokoni na kucheka naye juu ya siku ile. Tulipomtafuta tuliambiwa amezikwa miaka mitatu nyuma.

Nilimwandikia mzee maneno hayo kwenye karatasi kama kawaida yetu. Akayasoma polepole, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Kisha akasema kwa ile sauti yake kubwa, na ofisi nzima ikasikia: "Kumbe yule alikuwa karatasi yangu, nami nilikuwa nikimnywesha chai tu."

Ndugu zangu, wengi wetu tuna karatasi za namna hiyo zinazotembea sokoni kwa mikongojo. Juma hili, kabla ya Jumapili, mwendeeni mmoja, na mchukue kalamu.

Wasalaam,
Karani wenu